Tunza Pikipiki Yako kwa Mikono Yako Mwenyewe

Mkulima mmoja wa skimu alifika ofisini kwetu asubuhi moja, si kwa habari ya mbegu wala ya dawa ya kupe, bali kuuliza bei ya mtamba. Alikuwa na mtamba mmoja mzuri, mwenye mimba ya miezi mitano, naye alitaka kumwuza wiki ile ile. Tulipomwuliza sababu alisema ya kuwa pikipiki yake imefia njiani, injini imeshikana kama jiwe, na fundi amemwambia pistoni, ringi na silinda vyote ni vya kununua upya. Nikamwuliza, "Mzee, mara ya mwisho ulitazama oili lini?" Akanyamaza kidogo, kisha akajibu, "Mwalimu, mimi hutia petroli. Oili aliitia yule aliyeniuzia."

Mtamba aliuzwa. Kwa sababu hiyo nimeona yafaa mwezi huu tuache mahindi kidogo, tuzungumze juu ya pikipiki. Wazee wanaokumbuka skimu za Mpango wa Ekari Milioni, ulioanza mwaka 1962, wanajua ya kuwa siku zile pikipiki ilikuwa chombo cha wachache, na maziwa yalikwenda kwa baiskeli, kwa punda au kwa kichwa. Leo ukisimama hapa Kipsongo alfajiri utaziona zikipita kwenda mjini Kitale, moja ina madebe ya maziwa, ya pili ina gunia la mbolea, ya tatu imembeba mama mgonjwa amekaa katikati ya shali. Chombo hiki kimekuwa cha shamba kama jembe lilivyo. Lakini jembe twalinoa wenyewe, na pikipiki twaiacha mpaka ife.

Ndugu mkulima, injini hii si kitu cha ajabu. Wewe unayejua kumzalisha ng'ombe usiku wa manane unaweza kubadilisha oili. Kazi nitakazozieleza hapa hazitaki shule ya ufundi. Zinataka spana chache, yaani namba 10, 12, 14 na 17, pamoja na ile kubwa inayoingia katika nati ya gurudumu la nyuma, spana ya plagi, bisibisi mbili, koleo, pampu, viraka na gundi yake, mswaki mkuukuu na matambara safi. Vitu hivi vyote huingia katika mfuko mmoja wa sukari. Ninazungumza hasa juu ya pikipiki zile zinazotumika sana kwetu, kama Boxer na TVS, zenye injini ya cc 100 mpaka 150. Ukiwa na kitabu kidogo kilichokuja na pikipiki yako, usikitumie kuwashia moto. Kisome, na kama kitasema tofauti na mimi, ukisikilize chenyewe.

Tuanze na oili, maana ndiyo iliyomwuza yule mtamba. Ndani ya injini vyuma husuguana mara maelfu kwa kila dakika. Oili huingia kati yao visigusane, na tena huondoa joto na kubeba uchafu. Katika pikipiki hizi oili hiyo hiyo ndiyo inayolainisha gia na klachi. Ikipungua, vyuma hugusana, hupata moto, huvimba na kushikana. Injini haikuonyi sana kabla ya hapo. Labda utasikia sauti kavu ya kugongagonga, labda utaona nguvu zimepungua mlimani, kisha inazimika.

Kwa hiyo tazama oili kila juma, na ukiwa unabeba mizigo kila siku, itazame kila siku ya pili. Simamisha pikipiki wima mahali palipo sawa, siyo juu ya stendi ya ubavuni, maana ikilala upande mmoja kipimo hudanganya. Kama imetoka safari, ngoja dakika chache oili ishuke chini. Fungua kijiti cha kupimia, kipanguse, kirudishe, kitoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Pikipiki nyingine hazina kijiti, bali zina kijidirisha cha kioo chini ya injini, na hizo ni rahisi zaidi. Usitie kupita alama ya juu ukidhani unaongeza baraka. Oili ikizidi nayo huleta moshi na kupasua sili.

Tazama na rangi. Ikiwa nyeusi si ajabu, ndiyo kazi yake kubeba uchafu. Lakini ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, ujue maji yameingia, pengine ulivuka mto uliojaa au uliiosha kwa nguvu mno. Usiiwashe tena mpaka oili hiyo imwagwe na kutiwa nyingine.

Kubadilisha oili, kwa barabara zetu za vumbi na tope, kunafaa kila kilomita 1,500 hadi 2,000. Pikipiki mpya hutaka mapema zaidi mara ya kwanza, nacho kitabu kitakuambia. Washa injini kwa muda mfupi ipate joto kidogo, kisha uizime, uweke karai chini na kufungua bolti ya kumwagia. Iache itone mpaka mwisho, hata kama una haraka. Safisha ile sumaku au wavu mdogo wa kuchujia kama upo. Ukirudisha bolti usiikaze kwa nguvu za kuangusha mti, maana mwili wa injini ni wa alumini, meno yake huchanika upesi, na hiyo ni kazi ya gharama. Tia oili mpya, ambayo kwa pikipiki nyingi za aina hii ni karibu lita moja, washa dakika moja, zima, ngoja, upime tena.

Oili gani? Hapa wengi hukosea. Kwa kuwa klachi yaogelea ndani ya oili hiyo, oili nyingine za motokaa huifanya iteleze. Utaona injini yalia sana lakini pikipiki haipandi mlima. Tafuta kopo lililoandikwa ni la pikipiki ya mipigo minne, namba 20W-50 ikiwa ndiyo iliyotajwa katika kitabu chako, na lenye herufi JASO MA. Herufi hizo zaonyesha ya kuwa oili imekubaliwa kwa klachi ya namna hiyo. Oili ya kupimiwa katika chupa ya soda usiinunue, hata kama muuzaji ni shemeji yako.

Neno moja kwa wale waliojifunza zamani juu ya skuta, kama zile Vespa zilizoanza kutengenezwa Italia mwaka 1946. Zile zilikuwa na injini ya mipigo miwili, na oili yake ilichanganywa na petroli katika tangi. Mzee mmoja jirani yetu aliendelea na desturi hiyo katika pikipiki yake mpya ya mipigo minne. Kila akinunua petroli alitia na kifuniko cha oili ndani ya tangi, wala injini yenyewe hakuifungua. Pikipiki ikatoa moshi kama tanuri la makaa, plagi ikajaa masizi, na oili ya ndani ikaisha kabisa. Petroli peke yake tangini, oili peke yake injini, visikutane.

Oili chafu uliyoimwaga usiitupe shambani wala kando ya kisima. Mito mingi ya upande wetu huingia Nzoia, na wako watu wanaokunywa huko chini. Ihifadhi katika mtungi uipeleke kwa fundi wa gereji. Tena nimeona watu wakimpaka ng'ombe oili hiyo ili kuua kupe. Usifanye hivyo. Inaunguza ngozi, na ng'ombe hujilamba akaila.

Baada ya oili ni pumzi. Injini huvuta hewa kama wewe unavyovuta unapopanda mlima, na miezi ya Desemba mpaka Februari hewa ya barabara zetu ni nusu vumbi. Chujio la hewa lipo chini ya kiti au nyuma ya kifuniko cha ubavuni. Likiziba, injini hukosa pumzi, hunywa petroli nyingi na kutoa moshi mweusi. Likiwa limetoboka ni vibaya zaidi, kwa sababu vumbi huingia na kukwangua silinda kama msasa. Kama ni la sponji, lioshe kwa mafuta ya taa au kwa maji ya sabuni, ulikamue kwa kulibana bila kulisokota, likauke kivulini, kisha ulitie matone machache ya oili safi na kulibana tena. Kama ni la karatasi usilioshe, ligonge taratibu vumbi litoke, na likichakaa nunua jingine. Petroli usiioshee kitu chochote. Wala usifungue kabureta usiku kwa mwanga wa koroboi.

Sasa mnyororo. Hapa nitajisema mwenyewe.

Mnyororo uliolegea hurukaruka na kung'oa meno ya sproketi, na unaweza kutoka na kufunga gurudumu ukiwa mwendoni. Uliokazwa mno huvunja beringi. Kwa kawaida, ukiushika katikati upande wa chini na kuupandisha na kuushusha, ucheze kama sentimita 2 na nusu hadi 3 na nusu. Zungusha gurudumu uupime mahali kadha wa kadha, maana mnyororo hauchakai sawasawa. Upime pale ulipokaza zaidi. Kuukaza, legeza nati kubwa ya gurudumu la nyuma, kisha zungusha zile nati ndogo za kuvutia, kulia na kushoto, kwa kiasi kilicho sawa. Kuna alama zilizochorwa pande zote mbili. Zisipolingana gurudumu litakwenda mshazari, na tairi litaliwa upande mmoja. Kaza nati kubwa kwa nguvu, na kama ina pini ya kuizuia, rudisha pini.

Mimi niliyafanya hayo yote, nikafurahi, nikapakia madebe mawili ya maziwa ya jirani, nikashika njia ya Kiminini kwenda Kamukuywa. Sikujua jambo moja. Gurudumu likivutwa nyuma, ule mkono wa breki huvutwa pia, kwa hiyo breki hubana kidogo kidogo hata usipoikanyaga. Njiani niliona pikipiki ni nzito, nikadhani ni maziwa. Nikasikia harufu ya kuungua, nikadhani ni watu wanaochoma takataka. Nilipofika kwenye mteremko wa kwenda darajani nikakanyaga breki, nayo haikushika kitu, kwa sababu ilikuwa imepata moto mpaka imekuwa laini kama kioo. Breki ya mbele ndiyo iliyoniokoa, pamoja na ukingo wa nyasi. Maziwa ya jirani yalimwagika nusu, nikamlipa. Kwa hiyo kila unapokaza mnyororo, usiondoke mpaka umeinua gurudumu la nyuma na kulizungusha kwa mkono. Lizunguke bila kusuguana. Likisuguana, legeza nati iliyo mwisho wa fimbo ya breki, kisha ukanyage ujaribu.

Na ukiwa umelitoa gurudumu zima, labda kwa pancha, hakikisha umerudisha ule mkono wa chuma unaozuia sahani ya breki isizunguke, na bolti yake umeikaza. Ukisahau bolti hiyo, siku utakapokanyaga breki sahani itazunguka pamoja na gurudumu na kulifunga ghafula. Kioki cha kiungo cha mnyororo nacho, kile kidogo chenye umbo la samaki, upande wake uliofungwa uelekee mbele kule mnyororo unakoendea. Ukikigeuza, jiwe moja latosha kukitoa.

Baada ya mvua, sugua mnyororo kwa mswaki na mafuta ya taa, ufute, kisha tia oili nzito ya gia, ile namba 90, kidogo kidogo upande wa ndani huku ukizungusha gurudumu. Futa inayobaki juu. Grisi nyingi juu ya mnyororo haisaidii, hukamata mchanga tu. Ili kujua kama umekwisha, uvute kwa vidole pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa. Ukitoka na kuonyesha nusu ya jino, umekwisha. Hapo nunua mnyororo na sproketi zote mbili pamoja, maana mnyororo mpya juu ya meno ya zamani ni fedha ya kutupa.

Juu ya breki nimesema kiasi, lakini kuna mawili ninayoyasikia kila siku. La kwanza ni kuogopa breki ya mbele. Watu husema itakupindua. Ukiishika ghafula katika tope au unapokata kona, ndiyo, itakuangusha. Lakini pikipiki inapopunguza mwendo uzito wote huja mbele, kwa hiyo gurudumu la mbele ndilo lenye nguvu ya kusimamisha. Izoee taratibu mahali pakavu palipo wazi, na uitunze. La pili ni kuzima injini katika mteremko ili kuokoa petroli. Petroli unayookoa haijazi kikombe, na unapoteza msaada wa injini unaokushikilia. Teremka ukiwa katika gia, ile ile ambayo ungepandia mlima huo. Mkono wa breki ya mbele ucheze kama sentimita 1 au 2 kabla ya kushika, na kanyagio kama 2 au 3. Angalia mshale mdogo ulio kwenye mkono wa breki, ukipita alama yake, breki shuu zimekwisha hata kama bado zinashika. Usizitie oili hata tone moja.

Matairi wengi mnayajua tangu siku za baiskeli. Nitasema tu ya kuwa upepo upimwe kwa kipimo, siyo kwa kidole gumba. Kwa kawaida ni pauni 25 mbele, na nyuma 28 ukiwa peke yako au 32 ukiwa na mzigo. Kabla ya kurudisha tyubu yenye kiraka, pitisha mkono ndani ya tairi lote utafute mwiba. Mara nyingi umo bado.

Pikipiki ikikataa kuwaka, usiikanyagie kiki mpaka ukatoka jasho. Fikiri. Inataka petroli, cheche na hewa. Je, petroli imo, na bomba lake limefunguliwa? Je, ile swichi nyekundu ya kuzimia injini iko mahali pake? Hili la swichi msilicheke. Najua karani mmoja aliyesukuma pikipiki ya ofisi kilomita mbili, na mtoto wa shule ndiye aliyemwonyesha. Kama hayo ni sawa, toa plagi. Ikiwa na rangi ya kahawia kama mchanga mkavu, injini ina afya. Ikiwa nyeusi na kavu, petroli imezidi au chujio limeziba. Ikiwa nyeusi na yenye majimaji ya oili, ringi zinachoka, na hiyo ni habari ya fundi. Ikiwa nyeupe, injini inapata joto mno. Isugue kwa mswaki wa waya, na nafasi iliyo mdomoni iwe karibu milimita 0.6 au 0.7. Kama huna kipimo, mgongo wa kipande cha msumeno wa chuma una unene wa karibu hivyo. Unaporudisha plagi, ianze kwa vidole mpaka ishike vizuri, ndipo utumie spana.

Unapoiosha pikipiki usielekeze maji ndani ya paipu ya moshi, wala kwenye chujio la hewa, wala kwenye beringi za magurudumu. Ndoo na kitambaa vyatosha. Betri ya kutia maji itie maji safi ya betri tu, siyo ya mto, na ukiishika ujihadhari na asidi.

Yaliyobaki mwachie fundi. Kurekebisha valvu, kufungua injini, kubadilisha sahani za klachi, beringi za usukani na waya wa umeme unaoungua, hayo yanataka vyombo na mazoea, na ukiyajaribu nyumbani utapoteza zaidi. Lakini nenda kwa fundi ukiwa umejiandaa. Nunua daftari la shule, uandike tarehe, kilomita zilizoonyeshwa, na kazi uliyofanya au uliyofanyiwa. Mweleze fundi ulichosikia na lini ulianza kukisikia, usimwambie tu "tengeneza". Uliza bei kabla hajafungua bolti ya kwanza. Kama amekubadilishia kitu, mwambie akupe kile cha zamani ukione kwa macho, ukishike, naye akuonyeshe mahali kilipolika. Fundi mwaminifu hatakasirika. Hapa Kipsongo nimemwona mmoja anayekitia cha zamani katika mfuko na kumfungia mwenye pikipiki kitini kabla hata ya kuulizwa.